Wajawazito Walioanguka Mkarafuu

Kama mngeyaamini yote niliyoyasikia kwenye wodi ya wazazi, mngedhani karafuu za Pemba huchumwa na wajawazito. Mwenye jicho lililovimba, kaanguka mkarafuu. Mwenye ubavu uliovilia damu, mkarafuu. Aliyeanza kutokwa na damu kabla ya wakati wake, huyo naye mkarafuu. Tena miezi ambayo mti hauna hata kikonyo! Mtu na tumbo lake mbele kama pakacha, kapanda juu kufuata nini? Majani?

Nasema nanyi wanangu mnaosomea unesi, na nasema hasa na mjukuu wangu aliyemo humo humo darasani kwenu, yule mrefu, mwenye akili, ambaye kaichukua kwangu akili hiyo na urefu kauchukua kwa babu yake. Mie sikusoma kama nyinyi. Niliacha skuli bado nahesabu kwa vidole, nikaingia spitali na ndoo na fagio, nikatoka nimeota mvi. Katikati hapo nimepokea watoto wengi kuliko vitabu mlivyofungua. Sijivuni. Au najivuna, na nani wa kunizuia?

Basi lishikeni hili kwanza. Mtu akianguka, ardhi humpiga panapotokeza: viganja, viwiko, magoti, kidevu. Mkono wa mume haupigi hivyo. Wenyewe hupenda penye nguo: ziwa, tumbo, mgongo, paja. Na mkiona alama huku nje ya mkono, kuanzia kidole kidogo kupanda mpaka kiwikoni, jueni huyo alikuwa akijikinga uso. Sijauona mti unaomkimbiza mtu mpaka ajikinge.

Na sisi wa wodini tulikuwa tukifanya nini? Nesi wa zamu anamwuliza mgonjwa mbele ya mume, mume kashika kapu la nguo na chupa ya chai, mpole kama maji ya mtungini.

"Umefanyaje, mama?"

Mume anajibu yeye: "Kaanguka mkarafuu, sista."

"Pole sana."

Yamekwisha. Vidonge vya maumivu, haya, rudi nyumbani kwa mkarafuu wako.

Mmoja wao aliitwa Mize. Binti wa Mtambile, kaolewa Tumbe na mchuuzi wa samaki jina lake Hamad. Huyo Hamad mngemwona mngempenda. Ana pikapu, ana kanzu iliyopigwa pasi, hamwamkii mzee bila kuinamisha kichwa. Akija spitali huwagawia wahudumu samaki wa changu, mmoja mmoja. Mize aliletwa na uchungu wa mapema, na mtoto akatoka kimya. Mwanamume, kamili, kucha zake zote zipo. Nikamwosha mie, nikamfunga kwenye kitambaa cheupe. Mama yake Mize alikuwa njiani anatoka Mtambile na vyombo vyake vya uzazi, kwa kuwa kwetu mwana wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, na mzazi hukaa huko arobaini yake yote, akakandwa, akalishwa, akalazwa. Alipofika akakuta Hamad keshamtia mkewe kwenye pikapu.

"Hakuna mtoto, hakuna arobaini," Hamad akamwambia mkwewe. Kwa adabu, lakini. Kila kitu yeye kwa adabu.

Nusu ya heshima ya kisiwa hiki ni kufunga mlango kabla hujapiga. Na wale mnaowaita wastaarabu ndio wenye milango mizito.

Haya. Nilipokuwa nakaribia kustaafu akaja Sista Zuhura kutoka Unguja. Nesi kijana, kasoma mpaka kavuka bahari, na Kiswahili chake kila neno limepigwa pasi; akitia mguu tu dukani wauza duka wanamwuliza, "Za Unguja?" Alikuja kufanya utafiti. Alitaka kujua wanawake wangapi hupigwa na waume zao wakiwa wana mimba, na mimba hizo huishia wapi. Akataka mtu wa kumwongoza vijijini, anayejua nyumba na anayejulikana. Akapewa mie, maana niliwazalisha nusu ya wale aliotaka kuwauliza.

Msidhani nilimdharau. Nilidharau watu wengi katika kazi ile, Zuhura hakuwemo. Kwanza alikuwa na siri zake za kazi ambazo nyinyi leo mnazisoma kama sura ya kitabu. Hakusema popote kwamba anatafiti kipigo. Alisema "afya ya mama na mtoto", kwa sheha wa kijiji, kwa waume, kwa kila mtu. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuwa akielezwa ukweli, wakiwa wawili, na akiambiwa anaweza kukataa. Katika kila nyumba humuuliza mwanamke mmoja tu, ili wa pili asije akapeleka maneno. Na akiingia mtu ghafla, anageuza papo hapo maswali na kuuliza mambo ya vyakula vya watoto.

Hapo kwenye vyakula ndipo tulipoaibika.

Tulikwenda kwa Hamad. Mize ana mimba nyingine, kubwa, kaingia miezi ya mwisho. Mama yake Hamad, Bi Mkasi, kakaa ukumbini anasuka ukili, na mwanamke yule masikio yake yangeweza kusikia samaki akipumua. Tukaingia chumbani na Mize. Zuhura akamweleza, Mize akakubali kwa kichwa, na Zuhura akaanza kwa sauti ndogo, "Je, katika mimba hii, mumeo amewahi..." Pazia likafunguka. Bi Mkasi, na sinia ya kahawa.

Zuhura hakupepesa hata jicho. "...na uji wa mtoto, mnautia maziwa?"

Bi Mkasi akasimama na sinia yake. "Mtoto gani, sista? Yule tuliyemzika, au huyu aliyemo tumboni?"

Mie nikaona hapa tukinyamaza tumekwisha. "Bi Mkasi, usimshangae, huyu mtu wa mjini. Kwao mjini watoto huanza kunywa uji kabla hawajazaliwa."

Bi Mkasi akacheka mpaka kahawa ikamwagika siniani. "Ndo mana wanazaliwa na maneno mengi!" Akaketi nasi, hakutoka tena. Tukakaa tukisikiliza habari za maumivu yake ya goti mpaka adhana ya adhuhuri, tukaaga.

Njiani Zuhura akasema, "Bi Raya, lile lilikuwa kosa langu. Maswali ya kujifichia lazima yamfae mwenyewe anayeulizwa."

"Na nyumba hii haina chumba," nikamjibu. "Ina kuta tu."

Tukambadilishia Mize mahali. Sikilizeni, wanangu: chumba cha siri si lazima kiwe na mlango. Bahari ikikauka, wanawake wa Tumbe hushuka mbali kabisa kuokota chaza na kuchokoa pweza, na huko mwanamume akishuka huonekana tangu hajavua viatu. Tukashuka na vikapu vyetu. Zuhura kakunja suruali chini ya baibui, anateleza kwenye majani ya bahari kama mbuzi kwenye sakafu ya vigae, wanawake wote wanamcheka, na mimi nikawa nimemtangulia Mize kwenye mwamba uliojitenga, Zuhura akatufikia. Hapo Mize akasema.

Alisema huku mikono yake inagonga chaza, hakuacha kugonga. Teke la ile mimba ya kwanza lilikuwa kwa sababu ya mchuzi uliozidi chumvi. Safari hii bado hajampiga tumboni. "Ananipiga kichwani na mgongoni, anasema anamwogopea mtoto."

"Ana huruma huyo," nikasema. "Tumpe zawadi."

Zuhura akanitazama kwa jicho kali. Akamwuliza Mize unataka nini. Si "utafanya nini", nyinyi mnaopenda kuwapa watu kazi. Unataka nini.

"Nataka kuzaa kwa mama."

"Umemwambia?"

"Kasema ni mimba ya pili. Ya pili huzaliwa kwa mume. Kasema nikitoka nimekwenda kumvunjia heshima."

Mie nikasema twende kwa sheha. Mize akaniangalia kama nimemtolea tusi. "Sheha atamwita, Bi Raya. Watakunywa kahawa, ataambiwa mwanangu mvumilie mkeo, atasema ndiyo baba. Kisha tutarudi nyumbani mie na yeye."

Alikuwa kasema kweli, nami nilijua. Usuluhishi mwingi wa vijiji vyetu ni kumrudisha kuku bandani kwa kicheche na kumwomba kicheche asile haraka.

Sasa njooni kwenye kanga.

Wakubwa wa utafiti, wale wanaokaa ofisini na feni, waliamua kila mwanamke aliyejibu apewe shukrani. Kanga, doti moja. Jambo jema. Wakanunua robota zima la kanga za namna moja: za manjano, pindo nyekundu, korosho katikati. Zuhura akasema, "Hizi zote zinafanana." Wakamwambia zimeshanunuliwa. Wanaume wale, sijui wake zao huvaa nini, hawajui kwamba kwetu wanawake wakivaa kanga moja ile ni sare, na sare ni tangazo.

Ikaja arusi Tumbe. Mnajua arusi zetu: kila mwanamke anatoa kanga yake mpya kabisa. Wakatoka. Manjano hapa, manjano pale, manjano kwenye ngoma, manjano jikoni. Na maneno yalikuwa yameshavuja, hayakosi kuvuja, kwamba wale masista huuliza habari za vipigo. Wanaume wamekaa barazani na vikombe vyao. Mmoja akasema, "Tazameni, hao ndio walioandikwa." Mwingine akasema, "Mkeo naye kaandikwa, Fulani!" Wakacheka. Na kila aliyecheka akageuka kumtafuta wa kwake.

Mize hakuivaa. Alikuwa kaificha chini ya godoro, na Bi Mkasi anayetandika kila kitanda ndani ya nyumba ile akaiona.

Kesho yake asubuhi Hamad akaja kwangu, mie nilikuwa nimefikia kwa ndugu yangu hapo Tumbe. Kanzu imenyooka. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Mke wangu ana kanga, kasema umempa wewe."

"Nimempa mie. Kwani ulitaka umpe wewe, nikakuwahi?"

Akatabasamu. Meno mazuri yule mtu. "Ni zile za masista. Mke wangu hana la kuwaambia watu."

"Basi kama hana la kusema hakusema. Unaogopa nini?"

"Mie? Nimwogope nani?" Akakiokota kijiti cha kuanikia samaki kilichoegemea ukuta, akakiangalia, akakirudisha pale pale, taratibu. "Nakuheshimu, Bi Raya. Wewe ndiye ulimwosha mwanangu."

"Nilimwosha," nikamwambia. "Na nilimtazama vizuri wakati namwosha."

Kule kutabasamu kukamtoka. Akaaga kwa adabu, akenda zake.

Nikamfuata Zuhura mbio, na mie mtu wa magoti. Nilitaka kupanda gari ya Mtambile saa ile ile nikamwambie mama yake Mize kila kitu. Zuhura akanishika mkono. "Si maneno yetu, Bi Raya. Tumuulize mwenyewe." Nikamtukana. Ndiyo, nilimtukana, nikamwambia mpaka umalize kuuliza atakuwa kaburini. Hakuniachia mkono. Na alikuwa na haki, nawaambia nyinyi msije mkajifanya wakombozi wa watu: ukiitoa siri ya mwanamke bila yeye kujua, na wewe umempiga.

Tukampata Mize kisimani. Zuhura akamwuliza kwa maneno machache. Mize akatua ndoo.

"Mwambieni mama. Lakini asije kunichukua kwa ajili ya kupigwa, Hamad atanifuata. Aje kwa mila." Akaweka mkono tumboni. "Mie sijazaa kwa mama, Bi Raya. Haki ya mwana wa kwanza haijaliwa."

Nyinyi na vyeti vyenu, na mie na mvi zangu, na Zuhura na safari zake za ng'ambo, hakuna aliyeliona hilo. Kaliona yeye, kasimama na kata mkononi.

Nikashuka Mtambile. Mama yake, Bi Salma, alikuwa anaanua karafuu. Nikamweleza. Hakulia. Alikusanya karafuu zote kwenye jamvi, akazifunika, akajitanda baibui, akapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya mashangazi. Siku ya pili yake alasiri, pikapu nzima ya wanawake ikaingia Tumbe, na kuku, na mkungu wa ndizi, na chano kilichofunikwa kawa. Wamevaa kama wanakwenda arusini. Na walichagua saa: wanaume wametoka kuswali, baraza ya Hamad imejaa wachuuzi wenziwe.

"Hamad mwanangu!" Bi Salma akapaza sauti tangu barabarani. "Mungu akuzidishie! Tumekuja kumchukua mzazi wetu, akamzae mwana wa kwanza kwao. Nimewaambia hawa, nyumba ya mkwe wangu ni nyumba ya watu wanaojua mila."

Vigelegele. Hamad akainuka, akainamisha kichwa. "Ahsante mama. Lakini hii ni ya pili. Ile ya kwanza ilishapita."

Shangazi mmoja, bibi kizee hana meno, akajipenyeza mbele. "Ilipita wapi, baba? Tuonyeshe mtoto."

Wale wachuuzi wakawa wanatazama ndani ya vikombe vyao kama kuna mtu kaangukia humo. Nami nikamtazama Hamad, nikaona shingo yake inavimba, na mkono wake wa kulia umekunjika na kukunjuka ndani ya mkono wa kanzu. Mbele za watu, hana pa kuupeleka.

"Mama Mize," akaanza, "mambo haya tuzungumze ndani..."

"Hamad, nyamaza."

Alikuwa Bi Mkasi. Katoka mlangoni na bunda la nguo kichwani na Mize nyuma yake. Bunda limefungwa kwa ile kanga ya manjano, na vifundo vimekazwa, si kazi ya dakika moja ile. "Isije ikasemwa nyumba yangu imemnyima binti wa watu arobaini yake," akasema, na kalitua bunda miguuni mwa Bi Salma. Hakumwangalia mwanawe. Hakuniangalia mie.

Msinitake nimsifu. Bi Mkasi aliyasikia yote kupitia ukuta ule ule tangu mimba ya kwanza, na kanga kaisema yeye. Lakini bunda alifunga yeye pia, na yote mawili yaandikeni.

Baadaye utafiti ukasomwa ukumbini, na maji ya chupa na biskuti. Bwana mmoja mwenye tai akainua mkono akauliza, na wanaume wanaopigwa je? Mwingine akasema wanawake nao wasiwe wachokozi. Zuhura akawajibu kwa upole; mie nilikuwa nyuma, nikala biskuti zao zote. Tangu siku ile hakutoa tena kanga. Alitoa soda, ikanywewa pale pale, chupa ikarudi dukani.

Siku hizi naambiwa mnauliza kwa kile kioo cha kubonyeza. Bonyezeni. Lakini niliwaona wenzenu waliokuja mwaka jana: kidole kinagonga, macho kwenye kioo, mwanamke kashika ubavu mbele yao na wao wanangoja aseme ndiyo au hapana. Na mume yu mlangoni! Nikamfukuza mie, kwa ufagio, mstaafu.

Hamad alikuja Mtambile ilipotimia arobaini, na pikapu kaiosha, na zawadi. Akarudi peke yake. Kwa kadhi kukawa na kwenda na kurudi kwingi, wazee wakaitana, kanzu nyingi zikapigwa pasi, mpaka talaka ikatoka. Mtoto ni wa kike. Hivi sasa anakwenda chuoni na juzuu yake, na akipita kwangu hunitolea ulimi.

Ila ninalotaka mlijue ni la siku za mwanzo za arobaini ile. Bi Salma aliniita nimkande mwanawe, kwa kuwa mkono wangu anaujua. Maji yanachemka na majani, kitambaa, Mize kakaa kwenye kigoda uani, mtoto ndani analia kwa sauti ya mwenye nyumba. Katika kazi yangu yote nimezoea, nikimkanda mzazi, mkono huenda kisha ukasimama, ukazunguka, ukaruka mahali, maana hapo panauma na wala siulizi pameumiaje. Nikaanza mabegani. Nikashuka mgongoni. Nikapita mbavu moja moja, kiuno, nyonga, mapaja mpaka nyayoni, na mkono haukusimama popote. Nikarudia juu, kwa woga, polepole.

Mize akageuza uso. "Bi Raya, ndo kunikanda gani huko? Kaza mkono!"